Ini la Mtu Asiyekunywa

Nyumbani kwa mama yake, fundi cherehani alikuwa na kikombe chake peke yake, cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni. Hakikuoshwa pamoja na vingine wala hakikukaa kabati moja navyo. Mwanzo kilikuwa cha baba yake. Baba alipokufa kilibaki juu ya kabati na vumbi lake, mpaka fundi alipopigwa picha ya tumbo hospitali na kuambiwa ini lake limejaa mafuta. Siku hiyohiyo mama alikishusha.

"Kama baba yake," alisema mama, na kesi ikaishia hapo.

Fundi hakuwa ameonja pombe maishani mwake. Aliapa, akaapa tena, mpaka kuapa kwenyewe kukamchosha. Akirudi kazini mkewe alimnusa kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala. Siku moja alinusa hata chupa ya mafuta ya cherehani. Akibana pini mdomoni wakati anampima mteja, majirani walisema anaficha harufu. Watu wakishaamua, hata ukikohoa umelewa. Alipochoka na maneno yao alikata shauri kwenda kwa daktari bingwa wa ini. Ini lenyewe hakulijali sana. Alichokuwa anakitafuta ni kusafisha jina lake.

Bingwa huyo alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka. Alimtoa damu, kisha akamwita tena na tena kwa ghafla, bila kumpa nafasi ya kujiandaa. Mwisho akamkalisha.

"Ini lenye mafuta si ugonjwa mmoja, kaka," alisema. "Kuna la pombe, kuna la sukari na unene, kuna la kurithi. Kwenye picha yanafanana. Tofauti tunaisoma kwenye damu, kwa sababu kila aina ina alama zake. Mnywaji hukaa na alama ya pombe wiki kadhaa. Kwako sijaiona hata mara moja. Ya kurithi ipo, tena wazi."

Fundi alicheka, halafu akajikuta anafuta macho kwa tepe ya kupimia iliyokuwa shingoni.

"Kwenu nani mwingine aliugua ini?"

"Baba. Lakini yeye alikuwa mlevi."

"Ulimwona akinywa?"

Fundi aliwahi kumwona baba akiyumba uani. Alimsikia akiongea maneno yasiyoshikana, macho yamekuwa ya njano. Chupa hakuwahi kuiona, wala hakumjua mtu aliyewahi kuiona.

"Ini likichoka kabisa, sumu hupanda kichwani," daktari alisema taratibu. "Mtu huyumba, maneno humpotea. Marehemu siwezi kumpima. Ila ndugu zako waje. Likiwahiwa, ini huokolewa."

Alikwenda moja kwa moja kwa mama, njia nzima akifikiria atakavyomsamehe. Alimkuta anakunja nguo, akamweleza yote. Mikono ya mama ilipunguza kasi, kisha ikasimama.

"Kwa hiyo baba yako..."

"Huenda hakuwahi kunywa, mama. Alikuwa anaumwa."

Mama ndiye aliyemhamishia mumewe stoo ya uani na kuwakataza watoto kumpelekea hata maji. "Anajua pa kupata vya kunywa," alisema wakati ule, na watoto wakatii. Baba alifia humohumo stoo.

"Bora ungekuwa mlevi," mama alisema.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaomba. Fundi alingoja neno jingine, hata pole moja tu, na halikuja. Akaondoka bila kuaga.

Jumapili walikutana wote kwa mama, kunywa chai. Mdogo wake, dereva wa lori, aliketi kajishika ubavu wa kulia. Chai ya fundi ililetwa kwenye kikombe cha bati.

"Enhe, kaka, bingwa kasemaje?" mdogo wake aliuliza huku anacheka. "Kakukamata?"

Mama alidakia. "Kasema aache. Ulevi hauachwi kwa siku moja, tumvumilie tu."

Mke wa fundi, ambaye alikwisha kuambiwa ukweli, alimkazia macho mumewe. Fundi alimtazama mama. Alikuwa ameshika birika, hamtazami mtu yeyote. Ulevi huo wa kusingiziwa fundi alikwisha kuuzoea. Angeweza kuendelea nao, mama naye akapata usingizi. Alikiinua kikombe mpaka mdomoni.

Mdogo wake akajisugua tena ubavu. Fundi akakirudisha kikombe mezani.

"Huo ubavu umeanza lini?"

"Huu? Uchovu wa barabara tu. Mimi sinywi, wasiwasi wa nini?"

"Hata mimi sinywi," fundi alisema. "Na baba naye, nadhani, hakuwahi. Lilikuwa ini la kurithi. Kesho tunakwenda wote, ukapimwe damu."

Mama aliweka birika chini, akakichukua kile kikombe mbele ya fundi, akatoka nacho. Kupitia dirishani walimwona akiimwaga chai, akikisuuza, akikijaza maji bombani mpaka juu. Alikibeba kwa mikono miwili asimwage hata tone, akaingia nacho stoo, akaufunga mlango.