Kisu cha Mkono Mmoja

Juu ya nguzo ya taa, Popo alikuwa ameikumbatia nguzo kwa mkono wa kushoto na kuibana kwa magoti mpaka yakafa ganzi. Chuma kilikuwa kimeshika jua na kumuunguza kifua kupitia shati. Kwa mkono wa kulia alichomoa kisu mfukoni, akakisukuma kwa dole gumba, kikafunguka, akakata kamba ya mwisho. Bango la kitambaa likaporomoka barabarani: MTAA SALAMA NI JUKUMU LETU SOTE.

Askari wawili walikuwa wakimngoja chini. Alishuka akitabasamu. Bango lilikuwa la kituo chao, akadhani wamelifuata.

"Hebu kifungue tena hicho kidude," alisema yule mnene.

Popo akakifungua.

"Umeona, mwenzangu? Mkono mmoja! Sheria mpya inasema kisu cha kukunja kinachofunguka hivyo ni silaha."

"Afande, hiki cha kazi. Si mnanijua?"

"Tunakujua. Ndiyo maana hatukupigi."

Walimpiga kidogo tu, njiani.

Mkewe alipokuja kumwona mahabusu, alisimama mbali na nondo kama mtu aliyekuja na msiba. Mwenye kampuni ya mabango hakutaka nguzo zilale. Kazi angempa kaka wa mke, yule aliyekuwa akimsaidia Popo kazi za chini.

"Bosi kamnunulia kisu cha halali. Cha kufungua kwa mikono miwili. Anasema yeye kesi hataki."

"Miwili? Na nguzo ataishika na nini?"

Mke akakaza fundo la kanga.

"Mwambie shemeji asipande. Nikitoka nitapanda mwenyewe. Mwambie anisubiri, tafadhali."

"Kaka alishakubali kusubiri mpaka kesi iishe. Zaidi ya hapo hawezi, mume wangu. Na yeye ana watoto."

Siku ya kesi, mwendesha mashtaka, mwanamama mwenye miwani, alikitoa kisu kwenye bahasha. Stoo ya vielelezo ilikuwa imekitia kutu. Akakisukuma, kikagoma. Akakisukuma tena, ukucha ukavunjika, na watu kwenye mabenchi wakaguna.

"Kama hakifunguki," alisema hakimu huku akitazama saa ya ukutani, "sioni kesi hapa."

Mkewe alishika kichwa kwa furaha. Popo hakutakiwa kufanya lolote. Angefumba mdomo tu, angekula chakula cha mchana kwake. Lakini kisu chake kilikuwa kinashikwa vibaya, na moyo ulimuuma. Tena alikuwa na hamu kubwa kwamba mtu mmoja, hata huyu, aelewe kazi ya juu inavyofanywa. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walishasema, ila wahenga hawakuwapo kizimbani kumkanyaga mguu.

"Sivyo, mheshimiwa. Anakiumiza. Asukume pale kwenye kinundu, kwa dole gumba, halafu atikise kiganja."

Mwendesha mashtaka akasukuma, akatikisa. Kikafunguka.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Hakimu alijificha nyuma ya faili, mabega yakimtikisika.

"Ahsante kwa kutusaidia," alisema alipotulia. "Sasa tuambie, mtu mwenye nia njema anataka kisu cha mkono mmoja cha nini?"

"Mkono wa pili ndio unaonishika mimi, mheshimiwa. Nikiuachia, naanguka."

Hakimu aliandika kwa muda. Popo aliutazama ule mwandiko akaona raha, maana alidhani ameeleweka.

"Umejieleza vizuri. Lakini sheria haikutaja nguzo. Sheria ni msumeno, bwana. Miezi sita."

Karandinga la kumpeleka gerezani lilikwama kwenye msongamano karibu na makutano. Askari mnene alikaa mlangoni akimenya chungwa kwa kisu ambacho Popo angekitambua hata gizani. Popo akageuzia uso kwenye wavu. Kesi ilikuwa imekwisha, na kazi haikungoja hata jioni.

Shemeji alikuwa juu ya nguzo. Magoti yalikuwa yameibana, lakini miguu ilishaanza kutetemeka. Alikuwa ameachia mikono yote miwili, mmoja ukishika mpini wa kisu kipya na mwingine ukivuta ubapa ufunguke.

"Umemwona shemeji yako?" askari aliuliza huku akitafuna. "Yule sasa anafuata sheria."

Popo aliupiga wavu kwa ngumi. "Shemeji! Shika nguzo! Achana na kamba, shika nguzo!"

"Nyamaza wewe. Utamwangusha mwenzio."

Kule juu shemeji aliitambua sauti. Akageuka huku akicheka, akitafuta inatoka gari gani. Taa ikawaka kijani, karandinga likaondoka. Popo alimwona akitaka kumpungia, akiangalia mikono yake, hajui auachie upi.