Kipimo cha Twiga

Kilima kile walikipanda kila mwaka, na kila mwaka Breki alilalamika. Breki ni dereva wa lori, mtu wa kukaa, na jina hilo alipewa kwa sababu hamalizi hatua hamsini bila kusimama.

"Jamani, hili jukwaa lingejengwa bondeni, nani angekufa?" akauliza, akijipangusa jasho.

Neno lilikuwa limeshamponyoka, naye akajiuma ulimi.

Mwaka jana walikuwa wanne. Mwaka huu watatu: Breki, Muuguzi, na Fundi wa cherehani aliyebeba gauni kwenye mfuko. Wa nne, Twiga, aliwatoka miezi mitano iliyopita kwa homa ya siku tatu tu. Alikuwa mwigizaji, mrefu mpaka akiingia chumbani kwa mtu huinama kwanza ndipo abishe hodi. Miaka kumi na tisa aliigiza malkia kule juu, peupe, watu wameketi kwenye ngazi za mawe. Na miaka kumi na tisa Fundi, shoga yake wa kufa na kuzikana, ndiye aliyemshonea. Twiga akichelewa njiani walimlia mkate wake, wakimcheka: "Asiyekuwapo na lake halipo!" Leo walipumzika kwenye jiwe lao, wakala, kikabaki kipande kimoja. Muuguzi alikifunga tena kwenye karatasi, akakirudisha mkobani.

Kikundi cha maigizo kilikuwa kimepata malkia mpya, binti mfupi, mchangamfu. Alikwenda kwa Fundi akapimwa bega, kifua, kiuno na urefu. Fundi akaandika yote kwenye daftari, akashona wiki nzima.

"Safari hii nimejikaza," alijisifu njiani. "Sikudondosha hata chozi moja juu ya cherehani."

Walipofika, binti akaingia nyuma ya turubai, akalivaa. Lo! Mabega yalimwanguka, vidole havikuonekana, na upindo ulilala chini kama shuka.

"Shangazi," akasema kwa adabu, "labda siku ile sikusimama vizuri?"

Breki alitaka kucheka, lakini alipomtazama Fundi usoni kicheko kikamkauka.

Fundi alifungua daftari. Vipimo vilikuwa sawasawa, vya binti huyu huyu. Macho yake yalisoma hapo wiki nzima, na mikono ikakata gauni la Twiga. Mazoea yana taabu, wee acha tu.

"Lipunguze, dada," Muuguzi akanong'ona. "Watu wameshakaa."

Fundi akashika mkasi. Mkono ukagoma.

"Sikuwahi kumwandika," akasema. "Miaka yote ile, hata namba moja. Nilimjua kwa mikono. Sasa nikiizoesha mtu mwingine, itamsahau. Nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Muuguzi, ambaye kazini kwake kila wiki hakosi neno la kuwaambia wafiwa, siku hiyo alimshika bega tu.

Binti ndiye aliyesema. "Shangazi, kila mwaka nilikuwa naketi ngazi ya mwisho kabisa kumtazama. Naogopa. Hata likinikaa, sijui kama nitaliweza gauni lake. Lakini nikitoka hivi nitajikwaa, na watu watacheka. Watamcheka na yeye."

Fundi akapiga magoti, akakata upindo wote uliozidi, akizunguka polepole. Alilia waziwazi, bila kujificha, huku akipiga bandi, mishono mirefu ya harakaharaka, na kubana mabega kwa pini. Alipomaliza, binti alitoka jukwaani akiwa amenyooka.

Aliigiza vizuri. Watu walisimama kumpigia makofi, na Fundi naye akasimama akapiga. Ilimuuma kwamba binti yule aliweza. Angeshindwa ingemuuma zaidi.

Wakati wa kushuka, Breki aliona kitambaa kimeviringishwa kwenye kiganja cha Fundi: ukanda mrefu wa upindo ule, upana wake shubiri moja na vidole viwili.

"Hicho nacho cha nini, dada? Si ukitupe tu?"

"Ndicho Twiga alichomzidi yule binti," Fundi akasema. "Sina kipimo chake kingine."