Siku ya Kukaa Nje

Tarehe ishirini na tatu Novemba, nyumbani kwa Getruda, mtu haingii ndani. Unacheka? Cheka tu. Hata majirani zake kule porini Ipole walicheka mpaka wakachoka, wakazoea kumwona siku hiyo akisonga ugali uani, mikeka na watoto vyote nje, liwake jua, inyeshe mvua.

Alikuwa na sababu zake. Akiwa msichana, tarehe hiyohiyo, kimbunga kiling'oa paa la kanisa lao la nyasi, kikalibeba zimazima na kulitua juu ya zizi, asiumie mbuzi hata mmoja. Watu walitoka mbali kuja kutazama mbuzi wanaokula kanisa. Mwaka wa Uhuru, tarehe hiyohiyo, mvua ilimwaga visamaki uwanjani, hai kabisa, vikirukaruka matopeni, na ziwa lenyewe hakuna! Halafu miaka michache baadaye, tarehe hiyohiyo, mumewe Elieza, mrina asali, aliikimbia radi akaingia ndani. Radi ikamfuata humohumo. Walimkuta amekaa kwenye kigoda chake, chai bado ya moto mkononi. Tangu hapo Getruda hakutaka kusikia habari ya paa siku hiyo.

Sasa ukaja mwaka wa Operesheni Vijiji, watu wa porini wakaamriwa kuhamia vijiji vipya, na lori la kuwahamisha likafika siku gani vile? Hiyohiyo!

"Shikamoo, mama," alisema katibu kata, Bwana Justus.

"Marahaba, mwanangu. Tuhamishe kesho."

"Kesho lori linakwenda kwingine, mama. Panda."

"Basi litoe hilo turubai."

Justus alikuwa na haraka kuliko ubishi, turubai likatolewa. Getruda akapanda na binti yake Flavia, mwenye mimba iliyokwisha kutimia, na mzinga wa gogo, wa mwisho aliouchonga Elieza. Marehemu aliupaka nta ndani, akautundika, akasubiri, lakini nyuki hawakuwahi kuuingia.

"Mama, hilo gogo la nini?" dereva alilalamika.

"Umeambiwa ulibebe kichwani?" Getruda alimjibu, na dereva akawasha injini.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi na kamba. Jengo lililokwisha lilikuwa moja tu, ghala la tumbaku lenye paa la bati. Wenzake wote wakaingia humo. Getruda akauegemeza mzinga ukutani kwa nje, akatandika mkeka, akamketisha Flavia. Adhuhuri uchungu ukaanza. Halafu mbingu zikafunguka.

Mvua gani ile! Mkeka ulielea. Benedikta, mkunga wao wa siku zote, alitoka ghalani akipiga kelele.

"Getruda, muingize mwanao!"

"Leo siingizi mtu."

"Basi leo utamzika!"

Flavia alikuwa akitetemeka, midomo imebadilika rangi. "Mama, baridi," alisema. "Mama, niingize."

Radi ikapiga karibu. Getruda alitazama lile bati na hakuona bati, aliona kigoda na kikombe cha chai. Aliogopa, jamani, aliogopa. Kisha akamtazama mwanawe tena, akamshika kwapani, Benedikta akashika miguu, wakaingia. Pale mlangoni Getruda alifumba macho.

Ndani bati lilipiga kelele kiasi kwamba watu hawakusikilizana. Kila radi ilipopasuka, Getruda aliinama juu ya Flavia kumfunika kwa mgongo wake, kana kwamba mgongo wa mwanamke mmoja ungeizuia. Hakuomba maneno mengi. "Si huyu," alisema. "Si huyu." Alilisema hilo tu, mpaka sauti nyembamba ikalia chini yake na Benedikta akasema, "Dume!"

Mvua ikakatika. Ukaja ukimya, na ndani ya ukimya mvumo.

Walikimbilia mlangoni. Kutoka upande wa pori walilolihama lilikuja wingu la nyuki, zito, jeusi, likashuka juu ya lori, likazunguka ghala taratibu. Nyuki wakaufikia mzinga wa Elieza pale ukutani, wakaanza kuingia, wakaingia, wakaingia, mpaka wa mwisho. Bwana Justus alikuwa amevua kofia, wala hakujua ameivua saa ngapi.

Getruda alisimama kizingitini na mjukuu ndani ya khanga. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mama," Flavia aliita kwa sauti ya uchovu, "mwakani siku hii tutakaa nje tena?"

Getruda alitazama bati linalochuruzika, akatazama mzinga unaovuma.

"Mwakani huyu atakuwa anatambaa," alisema. "Tutamfungia ndani. Huko nje kuna nyuki wa babu yake."