Mgongo wa Nzioka

Mwaka wa 1971, Mbinya aliandika "Nzioka, Migwani" nyuma ya picha ya mume wake. Alitumia kalamu ya wino, picha ikiwa gotini, akakandamiza sana. Nzioka alikuwa akikata mkonge katika shamba moja kando ya barabara ya Mombasa. Alipokuja nyumbani Krismasi na kuvua shati aoge, maneno yale yalikuwa katikati ya mabega yake, ya buluu, yamevimba kidogo.

"Iliuma?" Mbinya aliuliza.

"Ile Z ndiyo iliuma. Lakini nilijua ni wewe."

Mbinya alimpelekea picha Maalim, mpiga picha wa pale sokoni. Maalim aliona alama zilivyotokeza mbele ya picha, kifuani mwa Nzioka.

"Mama, nunua penseli laini," alisema. "Laza picha mezani, uso chini, juu ya karatasi safi. Andika pembeni, bila kukandamiza. Na usiweke picha mbili pamoja ukiandika, utaumiza wawili."

Tangu hapo Nzioka alihisi kutekenywa tu. Jioni, wakioga bombani, wenzake walimsomea: mvua imenyesha, mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mbinya akifuta habari ya zamani ili aandike mpya, Nzioka aliwashwa mgongoni, akacheka peke yake katikati ya mkonge.

Mimba ya Mbinya ilipokomaa, aliandika: "Mtoto yuko karibu. Njoo, tafadhali."

Nzioka alienda kwa nyapara wao, Muturi, akavua shati. Muturi alivaa miwani, akasoma hadi mwisho.

"Bibi yako ana mwandiko mzuri," alisema. "Lakini likizo ni Desemba."

Wiki iliyofuata, asubuhi, Nzioka alitekenywa kwa muda mrefu chini ya bega, herufi zikienda upande kwa sababu mwandishi alikuwa bado kitandani. Aliyekuwa karibu ni Muturi. Akamwinulia shati, akasoma kwa sauti ili wote wasikie:

"Ni msichana. Ana masikio yako. Nimempa jina la mama yako."

Wakataji walipiga makofi. Muturi alimshika Nzioka mkono, akamwambia hongera kwa moyo wote, kisha akamwonyesha mistari ya mkonge iliyobaki. Nzioka alifuta macho, akaokota panga lake. Ilikuwa Septemba.