Wimbo wa Fahali

Lori la jeshi lilikuwa linajipenyeza kati ya magunia ya chumvi na mikokoteni ya soko la Kikuubo pale mtu mmoja, nyuma ya rundo la mablanketi, alipolia kama ng'ombe. Mlio ulikuwa mrefu, wa kutoka tumboni, na ukajibiwa na mwingine kutoka duka la pili, kisha wa tatu. Askari waliokaa nyuma ya lori waligeuza vichwa huku na huku. Wachuuzi waliinamia bidhaa zao. Hakuna aliyecheka kwa mdomo. Walicheka kwa mabega.

Kamis alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli ya chai, glasi mkononi. Alijua kilio kile kilikotoka. Kwa pumzi mbili tatu alijiona mtu mkubwa, kama mtunzi apitaye mtaani akasikia wimbo wake ukipigwa mluzi na mtu asiyemjua. Kisha chai ikamgeuka kinywani, akaimwaga mtaroni.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi ya nyimbo. Alianza kama fundi wa nyaya katika studio ya Mhindi mmoja, ghorofani juu ya duka la vitambaa, barabara ya kwenda Port Bell. Wahindi walipopewa siku tisini za kuondoka, mwenye studio alimwachia funguo na mashine, akamsihi asiruhusu unyevu uingie kwenye tepu. Tangu hapo Kamis alitunga, akarekodi, akapeleka tepu Nairobi zikatengenezwe santuri. Jina lake liliandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la mwimbaji, na kwa miaka mitatu mwimbaji huyo alikuwa Safinah Nabukalu wa Kisugu.

Safinah alikuwa Muganda, na Kiswahili alikivaa kama nguo ya kuazima. Herufi mbili hakuweza kuzitenganisha. Palipotangulia i au e, ulimi wake ulitoa r, hata kama neno lilitaka l. Kwingine kote ulitoa l, neno litake lisitake. Mbele ilikuwa mbere. Habari ilikuwa habali. Kamis, mtoto wa sajini wa Kinubi aliyesomeshwa Mombasa miaka sita kwa mjomba wake, hakuvumilia makosa ya lugha. Aliwasahihisha madereva. Aliwasahihisha watangazaji, wao wakiwa redioni na yeye akiwa kitandani. Lakini Safinah hakumsahihisha hata siku moja. Alimtungia.

Huo ndio ulikuwa ufundi wake, na hakumfunulia mtu. Alikaa na karatasi akichagua maneno yatakayoketi vizuri katika kinywa kile kimoja: siri, heri, subiri, safiri, mbali, machozi. Hakuandika kilio, wala mbele, wala raha. Watu wa Kampala, wakisikia santuri zile, walisema yule binti anazungumza Kiswahili kama aliyezaliwa pwani. Safinah mwenyewe alionekana kuamini hivyo.

"Huko Mombasa watanipokea?" alimuuliza siku moja.

"Watakupokea ukiimba," Kamis alimjibu. "Ukianza kuomba maji, watakurudisha kwa basi hilohilo."

Safinah alimpiga kofi la begani, akacheka mpaka wakapoteza nusu saa ya kazi.

Mwezi wa Desemba alikuja Kapteni Wahabi. Kulikuwa na sherehe za jeshi mwezi wa Januari na ulitakiwa wimbo wa kumsifu mkuu wa nchi. Kapteni alileta maneno ambayo lazima yawemo, yameandikwa na mtu wa ofisini: Jemadari wetu, fahari ya Uganda. Mengine Kamis angejaza mwenyewe.

Katika mazoezi ya kwanza Safinah alifumba macho, akanyanyua kidevu, akaimba kwa sauti tamu kuliko wimbo wenyewe ulivyostahili: "Jemadali wetu, fahali ya Uganda."

Kamis, nyuma ya kioo, aliinua kichwa. Fahali. Ng'ombe dume wa Uganda.

Kulibadilisha kungehitaji nusu saa. Angeandika heri ya Uganda, akamweleza Kapteni kwamba neno hilo linaimbika vizuri zaidi, na Kapteni angekubali, maana hakuwa mtu wa kugombania neno. Kamis alijua hivyo wakati uleule, kalamu i mkononi. Lakini alikuwa amechoka na mwaka ule. Alikuwa amechoka kusimama kando ya barabara magari yapite, kushusha sauti katika nyumba yake mwenyewe, kuandika sifa za mtu aliyekuwa akimwogopa. Na hapa kulikuwa na tusi safi, lililopangwa na bahati, ambalo yeye peke yake katika jengo zima alilisikia. Likamfurahisha. Alibonyeza kitufe, tepu ikaanza kuzunguka, akasema, "Vizuri sana, Safinah. Hivyohivyo."

Baadaye, alipokosa usingizi, hilo hivyohivyo ndilo lililomrudia mara nyingi kuliko yote. Ushujaa mdogo alioutaka aliufanya kwa kinywa cha mtu mwingine.

Hata hivyo wimbo ungepita. Baganda hawakulijua neno fahali. Askari wengi nao Kiswahili chao kilikuwa cha amri na cha kantini. Redio iliupiga mara tatu kwa siku, na hakuna aliyeshtuka. Kamis ndiye aliyeshindwa kukaa na mzaha bila mtu wa kuucheka pamoja naye. Alimweleza Otim, mpigaji wake wa gitaa la besi, Mwacholi mwenye uso usiosema kitu, katika hoteli ya chai ya Kikuubo, meza zote zikiwa zimejaa.

"Kwa hiyo tunamwita ng'ombe?" Otim aliuliza.

"Si mimi. Ni Safinah."

"Na yeye anajua?"

"Safinah? Anadhani anamwita ua waridi."

Meza ya jirani ikatikisika kwa kicheko. Otim hakucheka. Alimaliza chapati yake, akafuta vidole kimoja kimoja, akasema, "Ungeniambia hii tukiwa kwenye ngazi zako, Kamis. Hapa kuna masikio ya kuuza." Wiki ileile alisema mjomba wake anaumwa Gulu, akaenda, hakurudi.

Siku nne baada ya lori lile kuliliwa kwa mlio wa ng'ombe sokoni, Kapteni Wahabi alipanda ngazi za studio peke yake. Alikataa kiti.

"Kamis, toto ya sajini. Mimi nakuja kuuliza wewe kwa sababu wewe nasoma Mombasa. Hii neno fahali iko nini?"

"Ni ng'ombe dume, afande."

"Watu ya Kikuubo nalia kama ng'ombe. Gari yangu napita, wao nalia. Wewe ndiyo naandika hiyo?"

Kamis alivuta droo. Alitoa karatasi ya wimbo, akaigeuza imwelekee Kapteni. Kapteni alisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikitembea, mpaka kidole kikasimama.

"Hapa iko fahari."

"Ndiyo, afande. Kama mlivyoniagiza."

"Basi mwanamke ndiyo nageuza."

Palikuwa na nafasi ya jibu. Kamis aliiona, pana kama mlango. Angeweza kusema kwamba hakugeuza, kwamba ndivyo ulimi wa Kiganda ulivyo, kwamba hata Jemadari alimwita Jemadali na hakuwa na nia mbaya. Lakini baada ya jibu hilo lingekuja swali: wewe unayejua, ulikaa hapo ukasikia, kwa nini ukanyamaza? Na baada ya hilo, jingine: watu wa Kikuubo wasiojua neno hili, nani aliwafundisha?

"Mimi niliandika hivyo, afande," alisema.

Kila neno lilikuwa kweli. Kapteni alikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa shati, akamgusa bega. "Wewe iko mtu safi."

Safinah walimchukua kesho yake saa sita mchana, uani kwao Kisugu, akiwa anafua. Majirani walisema aliomba ruhusa ya kuanika shuka iliyokuwa mikononi mwake, wakamruhusu.

Wiki ya tatu alikuja dada yake mkubwa, Rehemah. Alikuwa amevaa gomesi yake ya sherehe, na kabla Kamis hajainuka alikuwa ameshapiga magoti mlangoni kumwamkia, kama wanawake wa Kiganda wanavyowaamkia watu wanaowaheshimu. Kamis alimwomba ainuke. Aliinuka alipomaliza salamu zote, si kabla.

"Yuko Luzira," alisema. "Nimempata, sebo, bwana wangu. Askali mmoja wa gereza ameniambia Alhamisi, leo hii, Kapteni Wahabi anasikiriza watu pale getini. Lakini hapokei kalatasi. Anataka mtu asimame, asome kwa sauti. Sasa nimekuja kwako uniandikie balua. Wewe una Kiswahiri cha kitabu."

Kamis aliandika. Hakuwahi kuandika kitu kizuri kama barua ile. Alianza kwa heshima bila kutambaa. Alieleza kwamba katika kinywa cha Muganda herufi hizi mbili ni moja. Kwamba Safinah aliimba fahari kwa moyo wote, na ulimi tu ndio uliotoa fahali. Kwamba asingeweza kumtukana mtu kwa neno asilolijua. Aliisoma yote kwa sauti. Rehemah alisikiliza huku ametazama mikono yake.

"Ni kweri yote," alisema. "Sasa nipe nijalibu."

Alisoma polepole, vizuri, mpaka akafika. "Dada yangu aliimba fahali, lakini ulimi ukatoa fahali." Akasimama. Akarudia. "Aliimba fahali. Ukatoa fahali." Aliinua uso. "Ni yale yale, sebo?"

"Ni yale yale."

"Basi nitamwita ng'ombe mala ya piri."

Walijaribu. Kamis alimfundisha kutetemesha ncha ya ulimi, kuanza na siri, heri, kisha kurukia fahari. Siri alisema. Heri alisema. Fahari ilitoka fahali kila mara, na kila mara alitazama midomo ya Kamis kuona kama amepata. Barua ile, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa kinywani mwake kosa lilelile la mdogo wake, limeandikwa vizuri zaidi.

"Twende wote," Rehemah akasema. "Wewe usome. Mimi nitapiga magoti pembeni."

"Nina wanamuziki saa nane."

Hakuwa na wanamuziki. Rehemah alikubali kwa kichwa, bila chuki, kama mtu aliyezoea kuambiwa saa za watu wengine.

"Basi nitafutie neno lingine. Neno ambalo mdomo wangu unaweza. Safinah alikuwa anasema wewe una maneno yake, unayatoa kama mtu anayejua kiatu chake ni namba ngapi."

Kwa hiyo Safinah alijua. Miaka yote ile alijua.

Kamis alivuta karatasi mpya. Kutafuta neno la kinywa fulani ndiyo kazi aliyoiweza kuliko yote duniani, na lilimjia kabla kalamu haijagusa karatasi. Lilikuja kama mistari yake mizuri ilivyokuwa ikija, zima, bila kuombwa: Si kosa la Safinah. Kamis ndiye aliyesema ni ng'ombe. Akaipitia sentensi hiyo herufi kwa herufi kwa ulimi wa Kiganda. Hapakuwa na mahali pa kujikwaa. Mtoto wa Kisugu angeweza kuisema usingizini. Kapteni angeielewa bila kidole.

Rehemah alisubiri, mkoba mapajani.

Aliandika: Dada yangu aliimba sifa. Hana nia ya tusi. Tunaomba umsamehe.

Rehemah alisoma. Alisoma tena, kwa sauti kubwa zaidi, na uso wake ukafunguka. "Sifa," alisema. "Sifa. Hii naweza." Akapiga magoti kumshukuru, akainuka, akashuka ngazi. Kamis alimsikia akiyasema maneno yake ngazi baada ya ngazi, yote sawasawa, na yote mepesi mno kumtoa mtu Luzira.

Alikwenda dirishani. Rehemah alikuwa amevuka barabara, amesimama kituoni, karatasi ameishika kwa mikono miwili, midomo inatembea. Basi la Port Bell lilichelewa siku hiyo. Lilichelewa dakika tano, kumi, ishirini. Ngazi zilikuwa kumi na nane, na kutoka mlangoni hadi kituoni ni hatua ambazo mtu angezimaliza akiwa bado anaamua la kusema. Kamis alisimama, sentensi yote kinywani, kama mwimbaji anayesubiri ishara kutoka upande wa pili wa kioo.

Rehemah aliinua macho, akamwona dirishani. Akampungia karatasi, kumwonyesha kwamba ameshaikariri.

Kamis naye alimpungia. Basi likapita kati yao, likasimama, na lilipoondoka kituo kilikuwa kitupu.