Maua Yasiyongoja Mgeni

Tangu siku ile wifi yake Annonciata alipokuja kutoka Sugar Land, akasimama mbele ya nyumba yao ya Mansfield na kusema imekaa kama stendi ya basi, Melania hakuwa na amani. Wifi ni wifi, akikusema, umesemwa. Basi mwezi wa nne mwaka 2004 akanunua mbegu za yale maua ya majani manono yanayotambaa chini, yasiyoogopa hata jua la Texas, akaapa safari hii atamfunga mdomo.

Mbegu zenyewe vumbi tupu. Ukipiga chafya umepoteza bustani. Alizichanganya na mchanga, akazinyunyiza juu ya udongo na kuzigandamiza kwa kiganja bila kuzifukia, maana hazioti gizani. Mumewe Celestine, mtu mwema asiyeweza kuona mpira wa maji akatulia, akazimwagilia kwa nguvu zote. Zikaishia barabarani. Kesho yake Celestine akanunua pakiti nyingine bila kutumwa.

Za pili ziliota, na wiki ileile Annonciata aliyotangaza kuja, zikaanza kuchanua. Lakini maua hayo yana maringo: hufunguka jua likipanda, na alasiri yanajifunga kama duka. Melania alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kuhudumia wazee kituoni, akirudi jua limezama. Hakuwa ameyaona hata mara moja. Alipouliza yana rangi gani, Celestine alijibu ni ya rangi rangi. Mtu unamtuma macho, anakuletea hayo.

Jumamosi akachukua off. Annonciata alisema angefika saa tano asubuhi. Melania akapika kwenye jiko la nyuma, akakataa katakata kuchungulia mbele; alitaka kuyaona mara ya kwanza akiwa na wifi yake, ili auone na uso wake unavyobadilika. Saa tano akapiga simu.

"Niko njiani, nina-drive," alisema Annonciata, na nyuma yake maji ya bafuni yalikuwa yakimwagika.

Saa saba, bado njiani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Melania akapasha chakula upya kwa hasira. Saa tisa Annonciata alikuwa njiani kweli, ila amepitia kwa rafiki kunywa chai. Alifika saa kumi na moja. Melania akatoka mbio, akakuta maua yote yamejifumba, imebaki kijani tupu.

"Siku hizi mnafuga magugu?" Annonciata aliuliza.

Melania alitamani kulia. Akaeleza habari ya jua na asubuhi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikika mwongo. Annonciata akampa pole, akauliza chumba cha kulala ni kipi.

Jumapili Melania akaenda kazini amenuna. Asubuhi ikiwa imekwenda, simu ikalia. Alikuwa Annonciata, akinong'ona, jambo ambalo ukoo ule haujawahi kulisikia.

"Wifi," alisema, "nimekaa hapa nje kwenye saruji na nguo zangu za kanisani, nayatazama maua yako. Misa imenipita."

Huo ndio ushindi alioutaka, lakini Melania hakuuona utamu wake. Alijibanza ukutani kwenye korido, simu sikioni.

"Niambie rangi zake, wifi," alisema. "Mimi sijayaona."