Michembe Juu ya Jabali

Jabali lilikuwa limelowa, na mwezi wa saba mvua hainyeshi.

Nyanjige alisimama chini yake, ungo mkononi, akatazama juu. Umande haukai mpaka jua lipande vile, wala hauachi madoa meupe juu ya mawe. Akaanza kupanda taratibu kwa magoti yake mabovu, mkono mmoja umeshika paja. Kabla hajafika kwenye kipande chake cha kuanikia harufu ilikwisha kumfikia. Mtu aliyelima pamba na kuipulizia sumu hahitaji kuambiwa harufu ile ni ya nini. Inaingia kwenye nguo na kukataa sabuni, inakaa kooni mpaka jioni. Leo ilikuwa imechanganyika na nyingine ya kuchoma pua, kama ya sakafu ya zahanati ikitoka kupigwa deki.

Michembe yake ilikuwa pale alipoiacha. Vipande vya viazi vitamu, vyembamba, ambavyo yeye na mkamwana wake Joyness walivimenya na kuvikata mpaka vidole vikafanya sugu, vilikuwa vimebakiza jua kidogo tu vikauke na kulia kama vigae. Sasa vilikuwa vimelainika. Akaokota kimoja, akakinusa, akakirudisha mahali pake polepole, kama anarudisha kitu cha mtu mwingine.

Upande wa pili wa jabali Maduhu, mtoto wa shemeji yake, alikuwa amebeba bomba la kupulizia pamba mgongoni. Mkono wa kushoto ulikuwa unapampu, wa kulia unapitisha mpira huku na huku.

"Maduhu!"

Akageuka, akashusha barakoa mpaka kidevuni, akamwamkia kwa Kisukuma kama mama yake. "Mwangaluka, mayu."

"Unafanya nini hapo?"

"Napuliza."

"Naona unapuliza. Nani kakutuma upulize chakula?"

"Sipulizi chakula, mayu. Napuliza jabali."

"Na chakula kiko wapi?"

Maduhu akatazama miguu yake. Alikuwa amesimama juu ya chakula. "Mtendaji wa kijiji kasema nimalize kabla mgeni wa mkoani hajapita. Barabara si ile pale? Akitupa macho huku ataona wanawake wamekusanyika, na sasa hivi mikusanyiko ni corona."

"Nani kakusanyika hapa? Mimi na kunguru?"

"Mimi nimetumwa tu."

"Bomba hilo si lile la pamba?"

"Nimelisuuza."

"Mbona linanuka?"

"Nimelisuuza, mayu," alisema tena, kwa sauti ndogo, akapandisha barakoa.

Jana yake mgambo alikuwa amezunguka kijiji kizima kwa baiskeli na kipaza sauti. Alitaja gulio, kanisa, zahanati na kisima cha pampu: kote huko kungepulizwa dawa, watu wasiguse kitu mpaka kikauke. Jabali hakulitaja, na hakuna mwanamke aliyelifikiria. Jabali ni la kuanikia. Limegawanywa kwa mistari ya mawe madogo tangu enzi za bibi zao, kila nyumba na kipande chake, na kipande hicho mkamwana hukirithi kwa mama mkwe. Hakuna anayelinda. Michembe hulala pale usiku na mchana mpaka ikauke, na hata wezi wa ng'ombe, ambao upande huu hawajawahi kukosekana, hawagusi michembe ya jabalini. Ndiyo maana Nyanjige alilala usingizi wake.

Mwaka jana waliambiwa ugonjwa umekwisha. Mwaka huu redio ikasema upo. Katikati ya maneno hayo mawili mwanawe Mayala, aliyekuwa akichuuza dagaa Lamadi, alirudishwa nyumbani akiwa hawezi kumaliza kusema jambo bila kutafuta pumzi. Zahanati walisema nimonia, na nimonia ndiyo iliyosomwa makaburini. Joyness akabaki na watoto watatu, Nyanjige akabaki na Joyness. Huku nje watu walikuwa wanasema minada itafungwa, malori ya mahindi hayatapita, kila mmoja atajifungia na alicho nacho. Mahindi yenyewe yalikuwa yamekauka yakiwa ya kufika magotini. Hapo Nyanjige akaingia kwenye shamba lake, akang'oa pamba iliyokuwa imekwisha kuchipua, akainua matuta, akapanda viazi. Nyumbani akajaza udongo na samadi kwenye magunia yaliyochakaa, akayatoboa ubavuni, akaotesha mchicha na mgagani, na maji yaliyoosha vyombo yakawa ndiyo mvua yake. Hakufundishwa na mtu. Aliogopa njaa kuliko alivyoogopa corona, basi.

Alishuka jabalini, akaenda moja kwa moja ofisi ya kijiji.

Mtendaji alikuwa kijana mmoja aitwaye Deogratias, mzaliwa wa Bariadi mjini, mwenye adabu nzuri na viatu visivyoendana na vumbi. Alikuwa anasimamia upangaji wa viti vya mgeni uwanjani, kiti kimoja hapa, kingine mbali kule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chakula changu kimepigwa sumu."

"Dawa, mama. Ile ni dawa."

"Basi twende ukaile."

Kijana mmoja aliyebeba viti akacheka, Deogratias alipomtazama akakohoa. Mtendaji akamwongoza Nyanjige ndani, akarudishia mlango.

"Kaa, mama Mayala."

"Sikai."

"Ile ni klorini. Hata maji ya mjini tunawekewa."

"Na hiyo ya pamba?"

"Maduhu amesuuza bomba."

"Maduhu kasuuza mdomo. Nenda ukanuse."

Deogratias akajipangusa uso. Naye alionekana amechoka. "Basi ioshwe, ianikwe upya. Jua si lipo?"

"Michembe ikishanyonya kitu haioshwi, baba. Unaosha nje, ndani kinabaki. Nina watoto watatu pale."

"Sasa unataka mimi nifanye nini?"

"Ghala la kijiji lina mahindi. Nipe cha kutia kihengeni."

"Mahindi yale yana utaratibu wake."

"Na kupuliza chakula cha watu kulikuwa na utaratibu gani?"

Deogratias akasogea karibu, akateremsha sauti. "Mama, unajua mgeni anakuja kusema nini leo? Akiba. Kila nyumba ilime mboga, iweke chakula, kwa sababu ya huu ugonjwa. Na nyumba atakayoingia ni ya kwako. Magunia yako yale. Nimekuchagua mimi, wala hakuna aliyeniomba."

"Basi akija nitamwambia."

"Mwambie. Na pamba uliyoing'oa nitamwambia mimi? Sheria ndogo inataka kila kaya ekari moja ya pamba. Nimeona, nikanyamaza. Nimenyamaza kwa ajili ya msiba wako." Aliyasema maneno hayo kwa upole kabisa, kama anayemkaribisha mtu maji ya kunywa.

Nyanjige akafungua mlango mwenyewe, akatoka.

Habari ilikuwa imemtangulia nyumbani. Kornelia, jirani yake, alikuwa anamsubiri mlangoni pamoja na Joyness. Kipande cha Kornelia kilikuwa juu kabisa ya jabali, Maduhu hakufika huko.

"Dada, tunyamaze," Kornelia alisema. "Mgeni akishapita tutapanda, tutachambua. Iliyolowa sana tutatupa. Nyingine tutaloweka, tutamwaga maji, tutachemsha tumwage tena. Watu wamekula vibaya kuliko hivyo."

"Na mtoto akifa?"

"Na asipokula?"

Joyness alirudi kufagia kuzunguka magunia ya mchicha, kama alivyoagizwa na mgambo.

Mgeni alifika wakati jua limekwisha kuwa kali, magari mawili, vumbi likaja nyuma yao likakaa juu ya mboga. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, wa kutoka mkoani, na hakuwa mtu mbaya. Alinawa kwenye ndoo yenye koki kama wengine. Aliinama akashika majani ya mgagani kwa vidole vyake, akauliza maji yanatoka wapi, akaambiwa, akatikisa kichwa kwa furaha ya kweli. Kijana wa kupiga picha akamwomba Nyanjige asogee, kisha asogee kidogo nyuma, kisha avae barakoa. Hakuwa na barakoa. Akaletewa.

"Hiki ndicho tunachokisema," mgeni aliwaambia waliokusanyika uani. "Huyu mama hakungoja mtu. Mama yangu, na ndani akiba umeweka?"

"Anayo, mheshimiwa," Deogratias alidakia. "Michembe. Kihenge kizima."

"Michembe! Mimi nimekulia hiyo, na uji wa karanga." Watu wakacheka. "Hebu tuione."

Nyanjige alimtazama Joyness. Joyness alikuwa anatazama ardhi. Alimtazama Kornelia, na Kornelia akatikisa kichwa kidogo, mara moja tu, kumkataza. Nyanjige alikuwa amekusudia kunyamaza. Njia yote kutoka ofisini alikuwa amekubaliana na nafsi yake anyamaze, apigwe picha, alinde shamba. Lakini aliyeulizwa ni yeye, uani kwake, na kihenge kilikuwa pale nyuma ya mgeni, mlango wake wazi, tupu mpaka chini.

"Iko jabalini, mheshimiwa," alisema. "Asubuhi wameipulizia dawa ya corona kwa bomba la pamba."

Mgeni akavua miwani. "Kwa bomba la sumu? Mtendaji?"

"Mheshimiwa, ni hatua za tahadhari. Maeneo ya mikusanyiko..."

"Nimeuliza, bomba la sumu?"

"Lilisuuzwa, mheshimiwa."

Mgeni akamgeukia Nyanjige, akamshika mkono, akasahau kwamba watu walikuwa hawashikani mikono. "Mama, umefanya vizuri sana kusema. Umeokoa watu." Kisha kwa Deogratias, kwa sauti nyingine: "Hicho si chakula tena. Asikiguse mtu. Kiteketezwe chote, leo hii, mbele yako."

"Na sisi tule nini?" Nyanjige aliuliza.

"Taratibu za chakula zipo, mama. Mtendaji atalifuatilia." Alikuwa amekwisha kutazama saa. Palikuwa na kijiji kingine mbele.

Magari yalipoondoka Deogratias hakumgombeza Nyanjige. Alikunja mikono ya shati lake, akamwambia, "Haya, umesikia mwenyewe. Na ile ekari ya pamba tutaizungumza baadaye." Akatuma mtu alete dizeli.

Walifagia michembe yote ya jabali kwa matawi, kutoka vipande vyote, mistari ya mawe ikasambaratika. Kornelia alipanda akalala kifudifudi juu ya michembe yake, mikono ameitandaza.

"Huku hakufika! Maduhu, sema! Ulifika huku?"

"Sikufika," Maduhu alisema. "Mtendaji, kweli, kule juu sikufika."

"Mheshimiwa amesema chote," alijibu Deogratias. "Mimi niandike nini? Kwamba nilibakiza?"

Wakamwinua Kornelia kwa makwapa. Alipopitishwa mbele ya Nyanjige hakumtukana. "Ulishukuriwa," alimwambia tu. "Tumesikia ukishukuriwa."

Moto ulikataa mwanzoni, ukatoa moshi mweusi wa dizeli, kisha ukashika. Sumu ikanuka kidogo, ikapotea. Kilichobaki ni harufu ya viazi vitamu vinavyochomwa. Ilikuwa tamu, nzito. Upepo wa alasiri ukaichukua, ukaipitisha nyumba kwa nyumba, ikaingia jikoni ambamo hakuna aliyekuwa amewasha moto. Watoto walianza kuja. Walisimama chini ya jabali kwa makundi, wanameza mate, na mama zao wakasimama mbele yao wakiwa wamekamata fimbo. Mtoto wa mwisho wa Joyness aliuliza viazi vitaiva saa ngapi.

Deogratias alipiga picha ya moto kwa simu, akaituma kwa wakubwa wake, akaondoka. Mgambo akakaa kidogo, naye akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Wa kwanza kupanda hakujulikana, maana walipanda wengi kwa pamoja bila kusemezana. Walikuwa na vijiti. Walichokoa pembeni mwa moto, mahali ambapo michembe ilikuwa imebabuka bila kuungua, wakapepeta kwa viganja, wakatia kwenye khanga. Hakuna aliyeuliza ipi imetoka juu na ipi imetoka chini. Nyanjige aliwahesabu uso mmoja mmoja kutoka alipokuwa ameketi, na katikati yao akamwona Joyness, amepiga magoti, khanga yake ya msiba ameikunja tumboni imejaa.

Alifungua mdomo amwite. Moshi ukamwingia, akakohoa, akafumba mdomo.

Joyness alishuka akapita karibu naye bila kumtazama, mikono yote miwili imekumbatia kile alichobeba, akashika njia ya nyumbani. Khanga ilikuwa na tundu. Kila baada ya hatua chache kipande kimoja kilidondoka vumbini. Nyanjige alinyanyuka kwa shida, akaanza kumfuata nyuma, anainama, anaokota.